Siku Tatu za Kulishwa: Kisa cha Igizo Moja la Namatala

Walicheka. Kijana amesimama katikati ya jukwaa, fimbo ameishika kwa mikono miwili nyuma ya shingo, mwili umepakwa unga wa ulezi hadi kwenye kope. Ngoma zimenyamaza. Ngariba anapiga hatua ya mwisho na kisu chake cha mbao tulichokipaka rangi ya fedha. Na ukumbi mzima, kuanzia akina mama wa sokoni waliokaa mbele mpaka waendesha boda boda waliosimama mlangoni, ukaangua kicheko. Mzee mmoja wa safu ya pili akapaza sauti, "Amepepesa!" Kicheko kikazidi. Ngariba wetu, mwenye miaka kumi na tisa na ndevu za pamba, akasahau maneno yake yote. Pazia hatukuwa nalo, kwa hiyo tulizima taa.

Mimi ndiye niliyekuwa mwongozaji. Mswada haukuwa wangu, lakini uamuzi wa kuweka kisu jukwaani ulikuwa wangu, na niliupigania mbele ya vijana wawili waliokuwa na mashaka. Ilichukua wiki tano na onyesho la pili hadi nikakubali kwamba mwigizaji hakuwa na kosa. Alipepesa, ndiyo. Nani asingepepesa, unga umemwingia machoni? Lakini hata angesimama kama mlingoti wa bendera, wangecheka tu.

Kiswahili kisicho cha mtu

Kikundi chenyewe ni vijana kumi na mmoja wa Namatala, mtaa wa watu wa kipato kidogo ulio ukingoni mwa mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Wagisu ndio wengi, kisha Wateso, Wakaramoja, Wanubi wawili, na binti mmoja ambaye akiulizwa kabila hujibu "Namatala". Tulikutana Jumamosi na Jumapili mchana kwenye ukumbi wa kuazima wenye madirisha yasiyo na vioo. Mimi si mwenyeji. Nilizaliwa Bombo, kwa Wanubi, nikaja Mbale kufundisha, na jando langu lilipita nikiwa mchanga kiasi kwamba sina kumbukumbu yoyote. Nalitaja mapema kwa kuwa lilinipofusha.

Lugha waliichagua wenyewe. Kigisu kingewaacha Wateso nje, Kiteso kingewaacha Wagisu, na Kiingereza kingewaacha mama zao wote. Kikabaki Kiswahili, ambacho Namatala hakina mwenyewe na kila mtu anacho. Kwa karatasi, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha tena uamuzi huo na kutaka kifundishwe shuleni. Namatala haikusubiri karatasi. Ukitaka kuuza nyanya kwa Mkaramoja na kununua mkaa kwa Mteso, Kiswahili kinakuja chenyewe.

Ila jukwaani kina shida yake, na mwongozaji yeyote wa Uganda anaijua. Kwa miaka mingi Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya kambi: ya jeshi la mkoloni, kisha la Amin, ya polisi wa kizuizini. Kwenye maigizo ya Kiganda anayezungumza Kiswahili mara nyingi ni askari au jambazi, na hadhira inaanza kucheka au kuogopa kabla hajamaliza sentensi. Sisi tulimpa mama Kiswahili. Siku ya kwanza ya mazoezi binti aliyecheza mama alimwita mwanawe chakula: "Kuja kula!" Wenzake wakasimama wima na kupiga saluti. Alirudia mara tisa. Alilipata alipoacha kutazama mlango na kutazama sufuria: "Kuja ule, baba, kinapoa." Maneno karibu yale yale. Kumwita mtoto wa kiume "baba" ndiko kulikovua buti lile.

Kijana aliyetoka kwa Simba

Mswada uliandikwa na kijana wa miaka kumi na minane ambaye jioni zake nyingi zimepita kwenye kibanda cha video. Asiyevijua vibanda hivyo: ni chumba cha mabenchi, televisheni moja, spika kubwa, na filamu ya Marekani au ya China ambayo vijei, yaani msimulizi wa filamu, ameizungumzia juu kwa Kiganda, akitafsiri, akitania, akiwapa wahusika majina ya wanasiasa. Huko ndiko vijana wetu wengi wanakojifunzia jinsi hadithi inavyojengwa. Sisemi kwa dharau. Ni shule nzuri kuliko nyingi nilizozipita.

Katika mswada, Kijana (hana jina jingine) anafiwa na baba, anagombana na baba mdogo, anatorokea Kampala, anachuuza soksi, anaangukia mikononi mwa wezi wa mifukoni, kisha anarudi Mbale mwaka wa imbalu, jando la Wagisu, kusimama katika ua wa baba yake. Nilimuuliza mwandishi muundo huo ameutoa wapi. Hakusita. "Kwa Simba, mwalimu."

Alikuwa sahihi. The Lion King ya mwaka 1994, ambayo tangu 1997 inachezwa pia jukwaani Broadway, kwetu haihitaji utangulizi, maana hata majina ni yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Baba anakufa, baba mdogo anamfukuza mtoto, mtoto anakulia ugenini, anarudi kudai nafasi yake. Kuna picha moja ndani yake ambayo nilimwomba mwandishi aitazame tena. Simba anavuka gogo akiimba na rafiki zake wawili. Anaingia upande mmoja mtoto. Anatoka upande wa pili ana manyoya shingoni. Miaka yote ya kukua imekwenda na wimbo mmoja, na hakuna hata ndugu mmoja aliyeiona.

Filamu nyingi za wavulana zinakaa juu ya gogo hilo. Uanaume unapatikana mbali na nyumbani, na wa nyumbani wanaonyeshwa matokeo tu. Kamera inaliweza jambo hilo kwa sababu kamera inakata. Mwongozaji Mmarekani Richard Linklater alikataa njia ya mkato, akamrekodi mvulana yule yule kidogo kidogo tangu 2002 hadi 2013, na filamu yake, Boyhood, ilipotoka 2014 ukamwona mtoto akirefuka mbele yako kwa muda usiofika saa tatu. Jukwaa halina gogo wala halina miaka kumi na miwili. Lina mwili mmoja. Mwigizaji wetu wa kwanza alikuwa na miaka kumi na saba, na katika onyesho la kwanza alipaswa kuwa na kumi. Tulimvisha kaptula. Miguu yake ilikuwa na nywele.

Jukwaa la Uganda lina mwana mpotevu wake wa zamani. Novemba 1962, mwezi mmoja baada ya uhuru, wanafunzi wa Makerere walicheza The Black Hermit katika Jumba la Taifa la Sanaa, Kampala, jengo lililokuwa na umri wa miaka mitatu tu. Mwandishi alikuwa mwanafunzi mwenzao kutoka Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o. Remi, wa kwanza katika watu wake kufika chuo kikuu, ameozeshwa mjane wa kaka yake, anakimbilia mjini, wazee wanamfuata arudi. Anarudi na hotuba zake, na igizo linaishia kwenye maiti ya yule mke, Thoni. Nililitaja kwa vijana kwa sababu moja: Remi anapofika nyumbani anadhani ameshakuwa mtu mzima, na kila aliyemsubiri ana maoni mengine. Gogo la Simba halimsaidii. Vijana walisikiliza kwa adabu, kisha wakauliza kama kuna mapigano.

Hadhira iliyo mahakama

Sasa imbalu. Kwa Wagisu, kila mwaka wa shufwa, mwezi wa Agosti, msimu unafunguliwa kwenye uwanja wa Mutoto nje kidogo ya Mbale, na unaendelea katika vilima na vitongoji hadi mwaka unapoishia. Kijana anayetaka kutoka katika usinde na kuwa msani, yaani mwanamume kamili, anazunguka siku kadhaa akicheza, njuga mapajani, shanga kifuani, ngoma za kadodi nyuma yake, akiwatembelea ndugu wa baba na wa mama kuwaarifu. Siku yake ikifika anasimama mbele ya watu. Hakuna ganzi. Hatakiwi kutikisika, hatakiwi kulia, hatakiwi kupepesa jicho. Akitetereka, aibu ni ya ukoo mzima. Waliokimbia wamekuwa wakisakwa wakiwa watu wazima wenye wake na kazi.

Igizo letu lilikuwa la mwaka wa witiri, mwaka usio na imbalu. Nilidhani ni jambo jema: watu wana hamu. Sikufikiri kwamba kila mama aliyekaa mbele ameshaona vijana ishirini au thelathini wakisimama, na kwamba alikuja kufanya kazi aliyoizoea, ya kuangalia jicho.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na ndilo lililonifanya niandike. Nilichukulia imbalu kama tukio linalotazamwa, kwa hiyo rahisi kulihamishia jukwaani: kuna mhusika mkuu, kuna mavazi, kuna muziki, kuna kilele. Lakini wale waliozunguka ua hawatazami kama watu waliokata tiketi. Wanapima. Wao ndio wanaomfanya kijana kuwa mwanamume, kwa macho yao. Kisu kinakata ngozi tu. Na mimi nikawaletea mahakimu hao ushahidi wa mbao uliopakwa rangi. Wangefanya nini zaidi ya kucheka?

Likaongezeka la pili, la karibu zaidi. Kijana wetu wa kwanza, mwigizaji bora wa kikundi, ni Mteso, na Wateso kwa mila hawatahiri. Katika filamu uso ni wa mtu wa mbali. Unaweza kumwamini kwa lolote. Katika ukumbi wa mtaani kila mtu anamjua mwigizaji, anajua stendi anayopakia abiria na deni lake la duka, na mama mmoja alijua zaidi ya hayo. Alilisema kwa sauti wakati taa zikizimwa. Sitaliandika.

Kesho yake wazee wawili walikuja. Nilijiandaa kwa hasira nyingine, ile iliyoikuta Inxeba ya Afrika Kusini, filamu ya 2017 kuhusu vijana wa Kixhosa jandoni. Viongozi wa mila waliipinga, mapema 2018 ikawekwa daraja moja na filamu za ngono, na baadaye mwaka huo huo mahakama ikatengua. Kule sehemu ya malalamiko ilikuwa kwamba siri ya mlimani imewekwa hadharani. Kwa hiyo nilianza kujitetea kuhusu siri. Wazee walinitazama kama mtu aliyechelewa basi.

"Siri gani?" aliuliza mkubwa wao. "Imbalu ni ya barabarani. Watoto wanaiona, Wazungu wanapiga picha. Hatukuja kwa siri."

"Mmekuja kwa nini basi, mzee?"

"Mmeifanya vibaya."

Mtoni

Kijana wetu wa kamera, ambaye hurekodi kila kitu kwa simu yenye kioo kilichopasuka, alikuja na dawa. Alikuwa ametazama filamu ya Kifaransa ya mwaka 1959, Les Quatre Cents Coups ya François Truffaut, akaangukia mwisho wake kama wengi tulivyoangukia. Mvulana Antoine anatoroka shule ya watoto watukutu, anakimbia, anakimbia, kamera iko naye tu, mpaka baharini. Anakanyaga maji. Anageuka, anatutazama, na picha inaganda usoni mwake. Basi.

"Kijana asifike kwenye kisu," alisema. "Akimbie hadi mto Namatala. Ageuke atutazame. Igizo liishe."

Niliupenda mara moja. Ulikuwa na kila kitu ninachokipenda: ukimya, maji, swali lisilojibiwa. Tukaufanyia mazoezi Jumamosi nzima. Kijana alizunguka ukumbi mara mbili, akaja mbele, akasimama ukingoni mwa jukwaa, akageuka, akatutazama. Mama anayetupikia chai alikuwa ameketi kwenye ndoo mlangoni. Aliweka birika chini.

"Sasa huyu amekimbia?"

"Ndiyo, mama, anakimbilia..."

"Amekimbia kisu." Akatazama wenzangu, si mimi. "Na mnataka tumpigie makofi?"

Hakuna aliyemjibu. Mkimbio ule ule ambao ufukweni Ufaransa ni pumzi ya uhuru, Mbale ni jambo ambalo familia hulificha. Sisemi kwamba hadhira haiwezi kumwonea huruma anayekimbia. Igizo zuri kuhusu mtoro wa imbalu lipo mahali fulani linasubiri mwandishi wake, na litakuwa igizo la kutisha. Ila si hili, na si kwa kuazima miguu ya Antoine. Picha hiyo nzuri iliomba kila kitu kinachoizunguka kiwe kama kilivyo kwao: kwamba mtoto akiwa peke yake ndipo anapokuwa yeye.

Alichosema mzee

Nilirudi kwa yule mzee mkubwa. Nilibeba sukari kilo mbili. Aliipokea, akaniuliza mimi nilitahiriwa lini. Nikamwambia nilikuwa mchanga, sikumbuki. "Ndiyo maana," akasema, bila kejeli, kama fundi anayeona waya ulipokatika.

Akaeleza. "Nyinyi mnaishia kwenye kisu. Kisu ni muda wa kumeza mate. Kuna siku tatu." Baada ya kukatwa kijana hagusi chakula kwa mkono wake. Analishwa. Siku ya tatu ngariba anarudi, anamnawisha mikono, na hapo ndipo anaelezwa wajibu wake, shamba kwanza, kisha mengine, na kutangazwa kuwa mwanamume. Ndipo anakula kwa mkono wake mwenyewe.

Nilikuwa nimelisikia hili kabla, kama tunavyosikia mambo. Sikuwa nimelifikiria. Mtu amesimama mbele ya kijiji kizima bila kupepesa, halafu siku tatu anafunguliwa mdomo kama kinda. Hakuna filamu ya Simba yenye jambo hilo. Na jukwaa linaliweza kabisa: halihitaji damu, halihitaji kisu, linahitaji sahani na watu wawili.

Kilichobaki kilitatuliwa na vijana, na kwa sehemu kubwa kwa kukataa. Tuliamua nafasi ya Kijana ichukuliwe na Mgisu ambaye zamu yake ilikuwa mwaka uliofuata. Akakubali kila onyesho isipokuwa la kusimama. "Hilo nitasimama mara moja tu, mwalimu." Nilijaribu kumshawishi kwa dakika kumi hivi, ninaona aibu sasa. Mwenzake wa Kikaramoja ndiye aliyeuliza, "Kwani lazima aonekane?"

Basi Kijana akatoka jukwaani, na umati ukabaki.

Onyesho la pili

Tulipanga mabenchi yakaacha nafasi tupu katikati ya hadhira, kiasi cha mkeka mmoja, na tukamwagia unga kidogo. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa hapo. Waigizaji saba walisimama jukwaani wakiitazama nafasi ile. Mama tulimketisha pembeni, mgongo kwa watu. Kadodi ilipigwa nje ya dirisha, ikakaribia, ikanyamaza ghafla. Niliwaambia wale saba wahesabu kimoyomoyo hadi ishirini na wasimtazame mtu yeyote, waitazame sehemu tupu kwa urefu wa macho ya kijana.

Hadhira iliitazama nafasi. Kisha wakaanza kutazama nyuso za jukwaani, kwa sababu hapakuwa na kingine. Mnubi wetu mdogo, ambaye mazoezini hakuweza kukaa kimya hata kidogo, alikuwa ameacha mdomo wazi bila kujua. Sijui alihesabu au alisahau. Mtoto mmoja ukumbini akamuuliza mama yake kitu, akanyamazishwa. Filimbi ikalia. Mabega ya wale saba yakashuka.

Vigelegele tulikuwa tumewapangia wasichana wawili nyuma ya mlango. Hawakupata nafasi. Vilitoka safu ya mbele.

Kisha siku tatu. Kijana ameketi kwenye kigoda, shuka kiunoni, mikono imelala mapajani viganja juu. Anaingia rafiki yake na sahani ya posho, yaani ugali, na maharage. Na rafiki huyo alikuwa yule Mteso wetu. Mwandishi aliliandika onyesho hilo usiku mmoja, na ndilo bora aliloandika.

"Fungua mdomo."

"Nitakula mwenyewe."

"Kwa mikono ipi?"

Kimya. Anamega tonge, analipuliza, anampelekea. Kijana anageuza uso. Analipuliza tena. Watu walicheka, na safari hii sikuhangaika. Tonge la tatu ndipo Kijana anasema, mdomo umejaa, "Kampala nilikula peke yangu miezi minane." Rafiki hajibu. Anamfuta maharage kidevuni kwa kidole gumba, kidole kile kile ambacho huwaonyesha abiria bei ya boda. Mbele yangu kulikuwa na mwanamume mzima, fundi wa baiskeli namjua, aliyeinamisha kichwa akaanza kukwaruza kitu kwenye suruali yake ambacho hakikuwepo.

Hapa ndipo suala la Mteso lilipogeuka lenyewe. Mwili ule uliokuwa uongo kwenye kisu ukawa kweli kwenye sahani. Kila mtu ukumbini alijua kwamba yeye hatasimama kamwe katika ua wowote, na bado ndiye anayelisha. Nisingeweza kulipanga hivyo. Nilikuwa ninatafuta tu mahali pa kumweka mwigizaji mzuri.

Halikuwa onyesho safi. Hotuba ya mama kabla ya kadodi bado ni ndefu mno, na mwandishi amekataa kuipunguza kwa sababu mama yake mwenyewe aliipenda. Onyesho la Kampala linapwaya. Wezi wetu wa mifukoni wanatembea kama wahusika wa kibanda cha video. Na wakati wa kunawishwa, ngariba alimimina maji kutoka jerikeni ya manjano ya mafuta ya kupikia yenye lebo. Mzee aliyeniambia habari za siku tatu alilisubiri igizo liishe, akaja moja kwa moja kwangu. Nikatabasamu nikidhani ni pongezi. "Jerikeni," alisema, akaondoka.

Simu mahali pa kijana

Kijana wa kamera hakukata tamaa na mambo yake. Tukacheza mara ya tatu bila hadhira ili arekodi, na alikuwa na wazo ambalo nalikubali hadi leo: simu ikae pale kwenye unga, kwa urefu wa macho ya kijana anayesimama, na umati uitazame simu. Anayetazama filamu ndiye anakuwa Kijana. Jukwaani hadhira ilikuwa jirani wa anayekatwa. Kwenye picha inakuwa yenyewe imesimama, inatazamwa na macho ya watu saba yasiyoonea huruma. Hilo jukwaa haliwezi, kamera inaweza, na halikuhitaji gogo wala bahari.

Tatizo hatukuwa na kiguu cha kamera. Aliishika kwa mkono. Tulipoionyesha kibandani usiku mmoja, kwa hisani ya mwenye kibanda, kadodi ikanyamaza, nyuso zikatukazia macho, na karibu na mwisho picha ikatikisika kidogo, kiasi cha pumzi.

"Amepepesa!" ikatoka gizani.

Sasa anaweka pesa za kununua kiguu.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa shufwa. Kijana wetu alisimama mwezi wa Septemba, katika ua wa baba yake mkubwa, mwendo wa nusu saa kwa boda kutoka Namatala. Nilikuwepo nyuma ya watu, sikuona mengi zaidi ya migongo, na nilisikia filimbi. Siku ya pili nilikwenda kumjulia hali pamoja na Mteso, aliyebeba posho kwenye kopo lenye mfuniko, imefungwa kwa leso ya mama yake. Tulimkuta mgonjwa wetu ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, viganja juu. Shangazi yake alikuwa mbele yake na bakuli, anampa supu, na hakuonyesha dalili ya kumwachia mtu kijiko.

Mteso alisimama mlangoni na kopo lake.

"Shangazi," alisema, "hiyo sehemu ni yangu."

Shangazi hakugeuka. Alipuliza kijiko, akampelekea.